Mzee anataka kuuona mji wa Serikali

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Uyole, Mbeya. Mwishoni mwa Julai nampeleka baba yangu Dar es Salaam kliniki ya macho. Ana miaka 74, alikuwa karani wa chama cha ushirika Tukuyu, na hajafika Dar hata siku moja. Kliniki ni Jumatano. Alhamisi yote tuko huru, Ijumaa alfajiri tunapanda basi la kurudi. Baba anasema anataka "kuuona mji wa Serikali" kabla macho hayajamwisha. Mwanangu wa miaka tisa anataka bahari tu. Tutafikia kwa shemeji yangu Kimara, naye anashauri tukodi gari tuzunguke kote: Kariakoo, Mlimani City, Coco, Kijiji cha Makumbusho, daraja la Kigamboni. Wewe uliyewahi kutembeza wageni mjini pale, ungetupangiaje siku hiyo bila gharama kubwa?

Jibu: Marahaba, mwalimu, na kamwene, kama tunavyosalimiana huku Iringa. Nilitembeza wageni Dar miaka kumi na minane kabla ya kurudi nyumbani, na ratiba kama hiyo ya shemeji yako naijua vizuri. Mtashinda garini. Mzee ataona mgongo wa daladala iliyo mbele yenu na mabango ya kampuni za simu, na jioni akiulizwa Dar ikoje atajibu: foleni. Mji wa watu 5,383,728, kwa hesabu ya sensa ya 2022, haumalizwi kwa siku. Lakini mji anaoutaka baba yako ni mdogo mno. Ule ulioitawala nchi hii kuanzia 1891 unaanzia Feri, unafuata ukingo wa bandari mpaka karibu na stesheni ya reli ya kati, na kuingia ndani ni mitaa michache tu. Kijana mwenye haraka anaukata kwa saa moja. Ninyi upeni asubuhi nzima, kwa mguu. Hiyo gari achaneni nayo.

Kabla ya majengo, joto, maana ndilo linalowaangusha watu wa kwetu. Mbeya mko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai Uyole mtu havui sweta mpaka saa nne. Mmechagua mwezi mzuri, kwa kuwa upepo wa kusi unavuma, mvua za masika zimeisha na Dar inapumua. Hata hivyo, jua la saa saba pale si la kuchezea. Mwaka wangu wa pili kazini nilipokea wanafunzi kutoka Njombe, mwezi wa Februari, nikaanza kuwatembeza saa nne na nusu baada ya chai ndefu. Kabla hatujafika mtaa wa tatu binti mmoja alikuwa chini kivulini, wenzake wanampepea kwa madaftari, mwalimu wao ananitazama kama niliyemtia sumu. Tangu siku hiyo kanuni yangu ikawa moja: kutembea kuishe saa nne na nusu, na kuanzia hapo mgeni awe chini ya paa au chini ya mti.

Kwa hiyo tokeni Kimara saa kumi na moja na nusu alfajiri. Najua ni mapema, lakini ikifika saa kumi na mbili na nusu kituo cha mwendokasi cha Kimara si mahali pa kumpeleka mzee mwenye macho mabovu. Pandeni basi lililoandikwa Kivukoni na mkae mpaka mwisho wa safari. Mtashuka Feri jua linachomoza.

Anzeni na mtoto. Hii ni siri ya kazi: mtoto aliyeahidiwa bahari akizungushwa kwanza kwenye makanisa na sanamu, ataiharibu asubuhi ya kila mtu. Mpelekeni soko la samaki hapohapo Feri. Muda huo mashua zinashusha, mnada umepamba moto, watu wanapita na matenga kichwani wakipiga kelele za kuomba njia. Ataona jodari mkubwa kuliko yeye, taa aliyetandazwa sakafuni kama mkeka, pweza, ngisi, changu, vibua. Msivae viatu vya maana, kwa sababu sakafu ni maji ya samaki mtupu. Simu ziwe mfuko wa mbele. Kama njaa inawauma, upande wa wakaangaji mtapata samaki wa moto kwa bei ya kuelewana.

Kisha simameni ukingoni, mahali mnapoona mlango wa bandari. Mwanao huenda anaifahamu Matema, kwa hiyo maji mengi na mawimbi hayatamshtua sana. Mwonyesheni kitu ambacho Ziwa Nyasa halina, yaani maji kujaa na kupwa. Mara mbili kwa siku bahari inapanda na kushuka, na siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, tofauti pale Dar inapita mita tatu. Atie alama kwenye nguzo au jiwe asubuhi, alasiri mkirudi kupanda pantoni aangalie. Somo la sayansi umelimaliza bila chaki, mwalimu.

Mzee naye mwonyesheni huo mlango wenyewe. Ni mwembamba. Meli kubwa zinapita katikati ya Feri na Kigamboni karibu kiasi cha kuwaona mabaharia, kisha ndani bandari inapanuka na maji yanatulia. Mji mzima upo kwa sababu ya huo mlango. Palikuwa na kijiji cha wavuvi, Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipaona panafaa kuwa bandari yake ya bara, akaanza kujenga jumba na nyumba za wageni, akapaita Dar es Salaam. Alifariki 1870 kabla mji haujasimama sawasawa. Ndugu yake Barghash aliyerithi kiti hakuwa na hamu napo, na majengo yakaachiwa magugu. Wajerumani walipofika walianza kutawala wakiwa Bagamoyo, lakini Bagamoyo pwani yake ni ya kina kifupi. Jahazi linafika, meli inatia nanga mbali na mizigo inashushwa kwa mitumbwi. Mwaka 1891 wakahamishia makao makuu Dar. Kina cha maji ndicho kilichoamua.

Sasa geukeni mfuate barabara ya Kivukoni kuelekea katikati ya mji, bandari ikiwa mkono wenu wa kushoto. Hapa ndipo ningempa baba yako muda kuliko mgeni mwingine yeyote. Mtapita majengo ya ghorofa moja au mbili yenye paa pana na baraza ndefu, ya enzi za Wajerumani, yaliyojengwa upepo wa bahari upite mpaka ndani. Ni ofisi. Zilikuwa za gavana wa Kijerumani, zikawa za Waingereza, kisha zikawa wizara zetu. Mtalii wa kawaida huyapita bila kugeuza shingo, maana hayana mnara wala dirisha la rangi. Lakini karani wa ushirika wa Tukuyu, aliyeandika barua kwenda Dar na kusubiri majibu miezi, huyo atasimama. Kwake "Dar" ilikuwa muhuri na sanduku la posta. Mwache aziangalie hizo baraza. Atakwambia mambo ya kahawa na pareto ambayo hujawahi kuyasikia nyumbani.

Na akikuuliza, "Serikali yenyewe iko wapi?", mjibu kwamba imehama. Uamuzi wa kwenda Dodoma ulipitishwa 1973, ukakaa kwenye makaratasi miongo minne, kisha kuanzia 2016 wizara zikaanza kufungasha kweli, na 2018 Bunge likatunga sheria ya kuitangaza Dodoma makao makuu. Ndiyo maana mtaa huo una utulivu ambao haukuwepo nilipoanza kazi. Mimi naupenda zaidi hivi.

Mbele kidogo, barabara inapokata, mtaliona kanisa la Azania Front, la Kilutheri, lenye kuta nyeupe, vigae vyekundu na vijipaa vidogo vya vigae juu ya madirisha. Lilianza kujengwa 1898. Endeleeni na barabara ya Sokoine mkutane na Mtakatifu Yosefu, kanisa kuu la Kikatoliki, lililojengwa na wamisionari Wabenediktini kati ya 1897 na 1902. Kama hakuna misa, ingieni mkae dakika kumi. Ndani pana baridi na viti, na mzee atakuwa anahitaji vyote viwili. Msishangae makanisa mawili makubwa kujengwa miaka ileile, hatua chache kati yao, yote yakitazama bandari. Kila dhehebu lilitaka liwe la kwanza kuonekana na anayeingia kwa meli.

Pembeni, ng'ambo ya barabara, ni vituo vya boti za Zanzibar. Hapo watajitokeza vijana wa kuwauliza mnakwenda wapi, tiketi mnayo, mzee abebewe begi. Jibu ni salamu na mwendo.

Kabla ya Boma la Kale kuna nyumba ambayo watu wanaipita wakidhani ni ofisi tu. Inaitwa Atiman House, nayo ni ya miaka ya Sultani Majid, kwa hiyo ni miongoni mwa kuta kongwe kabisa za mji. Mwaka 1922 ilinunuliwa na mapadri wa White Fathers, na jina ni la Adrian Atiman. Huyu alizaliwa Afrika Magharibi, sehemu za mto Niger, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara akiwa mtumwa. Wamisionari wakamkomboa Algeria, wakamsomesha utabibu Malta, na 1888 akaja nchi hii. Alifanya kazi Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, akiwa daktari na katekista mpaka alipofariki 1956. Karibu miaka sabini sehemu moja! Kila mara nilipoisimulia habari hiyo pale ukutani, watu waliacha kupiga picha.

Boma la Kale lenyewe lilijengwa kwa ajili ya wageni wa Majid, mwaka 1866 na 1867. Muulize mwanao kuta zimetengenezwa na nini. Asipojua, akaribie aguse. Ni mawe ya matumbawe, yaliyotoka baharini, na ukiyaangalia sana unaona alama za viumbe vilivyoishi humo. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, na mlango ni wa mbao iliyochongwa, wa kizanzibari. Mnajua boma letu la Iringa, lililojengwa na Wajerumani likiwa hospitali ya jeshi na sasa ni makumbusho? Lile ni la jiwe na tofali. Hili la Dar Wajerumani walilikuta na kulirithi, hawakulijenga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 lilinusurika kubomolewa. Ndani kuna kituo cha urithi wa majengo chenye maonyesho ya jinsi mji ulivyokua, picha na ramani, na nafasi ya kukaa na kunywa kitu. Ikiwa mmetembea kwa mwendo wangu, hapo itakuwa inakaribia saa tatu na nusu. Kunyweni chai.

Sasa rudini kwa barabara ya Samora, mtaa mmoja au miwili ndani. Mzee huenda akakumbuka ikiitwa Independence Avenue, na kabla ya hapo ilikuwa Acacia Avenue. Mtatokea kwenye mzunguko wenye sanamu ya askari wa shaba, bunduki mikononi, singe ikielekea bandarini. Wenye daladala wanaitumia kama alama ya njia. Mimi huwaambia wageni kwamba kama wana nguvu ya kusimama mahali pamoja tu mjini hapa, wasimame hapa.

Jiwe hilo lilikuwa na mtu mwingine kabla yake. Wajerumani walisimamisha hapo sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita ya kuwavunja Abushiri na watu wa pwani 1888 na 1889. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliing'oa. Ilizungukazunguka, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha kwa kamba 1968. Huku Dar, mwaka 1927, Waingereza wakaweka askari huyu, mwafrika, asiye na jina. Kwenye kitako kuna maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa mara mbili, kwa herufi tunazotumia leo na kwa herufi za Kiarabu, maana wasomaji wengi wa pwani wakati ule walisoma hivyo. Maandishi yanawakumbuka waliopigana katika vita ya 1914 hadi 1918, na yanawataja wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Hapo kwenye neno wapagazi ndipo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaingia. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza liliingia kutoka Nyasaland likauchukua Tukuyu, wakati huo Wajerumani wakiita Neu-Langenburg, kisha vita ikapanda Njombe na Iringa. Vita ile haikuwa na malori ya kutosha, na punda na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Risasi, unga, machela, hata vipande vya mizinga vilikwenda kwa vichwa vya watu. Wazee wa upande wa Nyasa waliwaita tengatenga. Upande wa Waingereza peke yake ulichukua karibu watu milioni moja wa kubeba, na waliokufa wanahesabiwa kupita 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Dar walikuwa na kambi, kikosi chao kikiitwa Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka walivyolisikia, Kariakoo. Kwa hiyo shemeji yako hakukosea sana kutaja Kariakoo. Amewataka mwende sokoni tu, bila kujua jina lenyewe ni la babu zetu.

Muulize baba yako mbele ya sanamu hiyo kama katika ukoo wenu kuna aliyekwenda vita ya Mjerumani akiwa amebeba mzigo. Usimuulize nyumbani Uyole, muulize pale. Mara tatu nimesikia jina la mtu likitajwa hapo kwa mara ya kwanza mbele ya mjukuu. Mmoja alikuwa mzee wa Makete, na mwanawe akaandika jina kwenye kiganja cha mkono kwa kuwa hakuwa na karatasi.

Ukitaka kumwongezea kingine cha nyumbani, mwambie kambi kubwa ya jeshi ya Dar, Lugalo, ina jina la kijiji cha huku Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891, mwaka uleule Dar ilipofanywa makao makuu, Wahehe wa Mkwawa waliuvizia Lugalo msafara wa kamanda Emil von Zelewski, aliyebandikwa jina la Nyundo, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya jeshi lake. Kambi hiyo ya Dar Waingereza walikuwa wameiita Colito. Baada ya maasi ya wanajeshi ya 1964 ndipo jina likabadilishwa. Hamtapita njia hiyo Alhamisi, inatosha kumweleza.

Kutoka kwa askari fuateni Samora kuelekea mashariki, na hapa mwambie mwanao aangalie mji unavyobadilika. Nyuma yenu ni maduka yaliyobanana, ya chini biashara na juu makazi, vibaraza vya chuma, majina ya Kihindi na mwaka wa ujenzi vimechongwa ukutani. Mbele barabara zinapanuka, miti mikubwa, nyumba moja moja ndani ya uwanja wake. Hilo halikutokea lenyewe. Wajerumani waliugawa mji kwa sheria za ujenzi na Waingereza wakaendeleza: mashariki kwenye upepo wa bahari Uzunguni, katikati Uhindini, na Waafrika ng'ambo ya uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, Kariakoo na Ilala. Mwulize kama amewahi kusikia majina hayo. Atasema ndiyo, Mbeya! Uhindini na Uzunguni zenu za Mbeya ni mchoro huohuo uliosafiri. Wajukuu wa waliochorewa bado wanasema "nashuka Uhindini" bila kujiuliza.

Saa nne na nusu muwe ndani ya Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Watanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, beba kitambulisho. Yalifunguliwa 1940 kwa kumbukumbu ya mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Nendeni moja kwa moja kwenye fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Oldupai 1959 na Mary Leakey, lenye umri wa miaka milioni moja na robo tatu hivi. Kama mwanao amesoma habari za zana za mawe za Isimila, hapo ataunganisha. Halafu chumba cha historia ya ukoloni na Maji Maji, halafu magari ya zamani ya viongozi, ambayo kwa uzoefu wangu wazee wa kiume hawaondoki haraka. Uani kuna kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998. Msijilazimishe kusoma kila kibao. Kwa macho ya baba yako, msomee wewe vitatu vinne, vingine muache atembee.

Chakula cha mchana kuleni kwa mama lishe wa mitaa ya karibu, na baada ya hapo kaeni kwenye bustani ya mimea iliyo jirani na makumbusho. Ilianzishwa na Wajerumani kujaribia mazao. Ni ndogo, haijapendezeshwa sana, ila ina vivuli vya miti mikubwa na tausi wakati mwingine wanapita. Mzee alale kidogo kwenye benchi. Nasema kweli, alale. Jirani yake ni Karimjee, ukumbi ambao Baraza la Kutunga Sheria na baadaye Bunge lilikutania. Mtauona kwa nje, na kwa karani huyo nje inatosha.

Ikulu iko nyuma ya hapo, upande wa bahari. Msipige picha ya uzio wala lango wala askari, hata kwa kuibia. Picha ya mzee pigeni kwenye sanamu.

Saa tisa jua likilegea, teremkeni mpaka ufukweni mwa barabara ya Barack Obama, mtaipita hospitali ya Ocean Road yenye minara yake miwili, iliyoanza 1897. Wengi wa kwetu tunaijua kwa sababu nyingine na sitaki kuiongelea zaidi kwenye siku ya kufurahi. Zungukeni na ufukwe mpaka Feri tena. Hapo mtoto aangalie alama yake kwenye jiwe, kisha pandeni pantoni. Nauli ni ndogo, safari ni dakika chache, na kwa mtoto wa Uyole hakuna kitu Dar kinachozidi kusimama juu ya pantoni huku meli ya makontena ikipita mbele. Upande wa Kigamboni chukueni bajaji mpaka Mikadi au ufukwe mwingine wa karibu. Ndipo aogee. Hapo Feri asiguse maji, ni machafu. Kigamboni pia akae kwenye maji ya kiunoni, na mtu mzima awe ndani naye, maana anayejua kuogelea ziwani hudanganyika na mkondo wa maji yanayokupwa.

Rudini kabla ya saa kumi na mbili. Wakati huo umati unatoka mjini kwenda Kigamboni, ninyi mnakuja kinyume chake, nafasi ipo. Na kwa kuwa mwendokasi unaanzia palepale Kivukoni, mtapata viti, jambo ambalo wa vituo vya mbele hawatalipata.

Niliyoacha nimeyaacha kwa makusudi. Kijiji cha Makumbusho ni kizuri lakini kiko mbali kidogo na kinahitaji nusu siku. Mlimani City ni maduka, Mbeya nako yapo. Coco ni ya usiku wa mihogo na vijana. Bagamoyo, makao makuu ya kwanza ya Wajerumani, iko kilomita kama 70, na hiyo ni safari nyingine kabisa.

Kuhusu Ijumaa. Basi lenu litapita Iringa alasiri. Mkiweza kulala usiku mmoja, shukeni Ipogolo, mpande daladala mpaka mjini, na Jumamosi asubuhi mwende Kalenga, kilomita kama 15. Makumbusho yake ni chumba kidogo chenye fuvu la Mkwawa, lililopelekwa Ujerumani baada ya kifo chake cha Julai 1898 na kurudishwa 1954. Mzee atakuwa ameiona Dar ya 1891, na hapo ataona upande uliopigana nayo. Masweta yawe juu kabisa kwenye begi. Mkishapanda Kitonga, atayataka.